Likasi: Modeme umelipa, lakini funguo iko kwa nani?

Huko Likasi, internete ya nyumbani inaanza mara mingi na kifaa kidogo. Kuko modeme ya kuchomeka ku ordinatere, kuko pokete wifi ya kutembea nayo, kuko na ile boksi nyeupe inayowekwa karibu na dirisha. Mutu anaenda ku butiki ya kompanyi ya telefone, analipa, wanamupa kifaa na karte SIM ndani, anarudia kwake Panda ao Kikula, anawasha, inatumika. Miezi inapita. Kisha siku moja rezo ya kompanyi ile inakuwa zaifu katika mutaa, ao jirani anamwambia kwamba kompanyi ingine iko na forfe ya bei ya chini. Anatosha karte, anaweka ingine. Kifaa kinaandika kwa Kifaransa kwamba karte haifai, ao kinaomba kode ambayo hakuna mutu aliwahi kumupatia.

Modeme haikuharibika. Inafanya kile ilichotengenezewa: kukubali karte ya kompanyi moja na kukataa zingine zote. Sokoni wanasema iko "bloke", na kazi ya kuifungua wanaiita "kudebloke". Neno ni la kila siku, lakini watu wachache wanajua ni nini hasa kimefungwa, nani aliyefunga, na kama mwenye kulipa iko na haki ya kuweka kifaa chake mwenyewe pahali pa kile cha kompanyi. Na ulizo hilo si la wajuzi wa ordinatere peke yao. Linagusa mwanafunzi wa Université de Likasi anayetafuta vitabu usiku, mwenye siber, mama anayeuzisha nguo kupitia WhatsApp, na redio za muji zinazotuma sauti kwa internete.

Kufuli isiyoonekana

Kila karte SIM iko na nimero ya ndani, mara mingi yenye tarakimu 15. Si nimero ya kupiga, na mwenye karte anaweza kuitumia miaka bila kuiona hata siku moja. Tarakimu tatu za kwanza zinataja inchi: Congo ni 630, Zambia 645, Rwanda 635, Burundi 642, Uganda 641, Tanzania 640. Zinazofuata zinataja kompanyi: Vodacom Congo iko na 01, Airtel Congo iko na 02. Modeme ikiwashwa inasoma tarakimu tano hizo. Kama iliandikiwa 630 01 na inakuta 630 02, inasimama pale pale.

Njo kufuli yote. Antena iko muzima, na redio ya ndani inaweza kuongea na pilone ya kompanyi yoyote yenye kutumia masafa ambayo kifaa kinajua. Ni programu tu inayosema hapana.

Kuifungua ni kuandika kode, mara mingi ya tarakimu 8 ao 16. Lakini nyuma ya kode kuko hesabu ya majaribio. Modeme nyingi za Huawei zinakubali majaribio 10 tu. Mutu akikosea mara 10, mulango wa kode unafungwa, na kifaa kinabakia na karte ya kompanyi yake ya zamani. Njo maana kubahatisha kode zilizookotwa ku internete ni muchezo mubaya: nafasi zinahesabiwa, na hakuna mutu anayekuambia mbele kwamba imebakia moja.

Kufuli hii inazeeka vibaya pia. Kompanyi za telefone katika Congo zimebadilisha majina kama watu wanavyobadilisha mashati. Celtel ikawa Zain, kisha ikawa Airtel mwaka wa 2010. Congo Chine Télécom ikawa Orange. Tigo nayo, Orange iliinunua mwaka wa 2016 na jina likaondoka ku butiki. Modeme iliyofungwa kwa tarakimu za Tigo haikupata habari ya ununuzi huo. Ndani yake programu ingali inatafuta kompanyi ambayo haiko tena, na anayeinunua kama okazio sokoni anauliza kwa nini kifaa kizuri namna ile kiliuzishwa kwa bei ya chini.

Vilima, moto, na mupaka

Katika miji ingine kufungwa ku kompanyi moja kunaweza kuwa kero ndogo. Likasi ni tofauti. Muji umekaa kati ya vilima. Nyumba moja inaona pilone, ingine iliyo chini kidogo haioni. Mutu anaweza kuwa na 4G nzuri ya kompanyi moja katikati ya muji, kisha akifika Shituru akute ile ya mwenzake njo inashika. Leseni za 4G katika Congo zilitolewa mwaka wa 2018, na tangu wakati ule kila kompanyi inajenga pilone kwa hesabu yake, pahali inaona wateja. Hesabu hiyo haifuate mipaka ya mitaa.

Halafu kuko moto ya SNEL. Likasi iko karibu na barage za Mwadingusha na Koni, waya kubwa zinapita juu ya vichwa vya watu kuelekea kwenye migodi, lakini delestaji inajulikana katika kila nyumba. Pilone nayo inakula moto. Batri ya pilone ya kompanyi moja ikikwisha, ya kompanyi ingine inaweza kuwa ingali inatumika. Njo maana watu wa hapa wamezoea telefone ya karte mbili: rezo moja ikienda, wanahamia ku ingine bila kelele. Telefone iliwapa uhuru huo zamani, na hakuna anayeuona tena kuwa kitu cha ajabu. Modeme ya kufungwa inawarudisha nyuma, na kwa kazi ile inayoomba internete zaidi: kozi ya saa mbili kwa video, memware ya mwisho wa masomo ya kutuma kabla ya saa sita ya usiku, fakture ya kliyan.

Wazee wa Likasi wanajua kufungwa ku kompanyi moja ni nini. Wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, nyumba, shule, hospitali na hata unga vilitoka ku kompanyi. Watu walisema njo baba, njo mama. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, vyote vilianguka pamoja nayo, na mwaka wa 2003 maelfu ya wafanyakazi waliondoka katika mupango wa kuacha kazi. Modeme si gunia ya unga, ni kweli. Lakini mwenye kuwa na njia moja tu ya kupitia, shida ya mwenye njia inakuwa shida yake.

Kwa wakaaji wa majimbo ya mashariki kuko sababu ingine: mupaka. Mufanyabiashara wa Kasumbalesa anavuka hadi Zambia. Wa Goma na Bukavu wanaishi karibu na Rwanda, wa Uvira karibu na Burundi. Modeme ya wazi inakubali karte ya inchi jirani, kisha mwenyewe anaporudi anaweka tena ya kwake. Ile ya kufungwa inalala mu begi hadi safari ikwishe.

Hata hivyo, mutu asizani kwamba kifaa cha wazi kinamaliza kila shida. Kuanzia tarehe 31 Mwezi wa 12 mwaka wa 2018, kisha uchaguzi, serikali ilikata internete katika inchi, na ilirudi karibu siku 20 nyuma. Wakati ule modeme ya wazi na modeme ya kufungwa zilinyamaza pamoja.

Kwa fundi, na pembeni ya fundi

Watu wanapotaka kutoka, wengi wanakimbilia fundi. Kuko njia ya mbele ambayo wanairuka: kurudi ku butiki ile ile, na fakture, na nimero ya IMEI iliyoandikwa chini ya kifaa, na kuomba kode. Inaonekana kama kupoteza siku. Lakini njo njia pekee ambayo haiachi deni nyuma yake, na hata kama jibu ni hapana, inafaa kuliomba kwa maandishi. Mutu mwenye barua mu mukono anaweza kulalamika mahali fulani. Mwenye neno la mudomo la muuzaji hawezi.

Fundi naye anafanya kazi mbili tofauti, na mwenye kifaa anapaswa kujua ni ipi. Kwa modeme za zamani, zile za kuchomeka ku ordinatere, kode ilikuwa inahesabiwa kutokana na IMEI. Fundi aliye na programu ya hesabu hiyo anaipata kwa dakika chache, anaandika, imekwisha. Kwa zile za miaka iliyofuata, watengenezaji waliacha hesabu hiyo rahisi, na kode inabakia katika vitabu vyao na vya kompanyi. Pale fundi anatosha programu yote ya ndani na kuweka ingine. Kazi hiyo inachukua dakika kazaa ambazo moto haipaswi kukatika. Katika muji wa delestaji, kila mutu anaelewa hatari iko wapi: moto ikienda katikati, modeme haiwake tena, na hakuna wa kurudisha feza. Fundi mwenye akili anafanya kazi hiyo juu ya ordinatere yenye batri na anachomeka boksi ku onduleri. Asiye na onduleri, afazali kumuachia modeme iliyokwisha kufa.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi na haionekane. Kuko programu zinazoandika IMEI ingine pahali pa ile ya kweli. Watu wa Congo wanajua IMEI kwa njia ya kuumiza: kuanzia mwaka wa 2020, ile RAM, rejista ya vifaa vya telefone, ilikuwa inakata inite za watu kwa sababu ya kuandikisha vifaa, hadi kelele za wananchi na za wabunge zilifanya iondolewe mwanzo wa mwaka wa 2022. Feza ya RAM ilikwisha, lakini IMEI ingali kitambulisho cha kifaa katika rezo za dunia nzima, na njo inatumika kuzuia vilivyoibwa. Kifaa chenye IMEI ya kingine kinaonekana kama cha wizi ao cha kuiga, na mwenyewe hana namna ya kuonyesha kwamba ni chake, kwa sababu fakture inasema nimero moja na kifaa kinasema ingine. Fundi akisema anataka kubadilisha IMEI, mwenye kifaa akichukue na aende.

Kwa hesabu ya kawaida, afazali kutofungua kabisa. Kuacha kifaa cha kompanyi kama kilivyo, na kuweka chake pembeni.

Cha bei ya chini kabisa mara mingi kiko tayari nyumbani: telefone ya zamani ya karte mbili, hata yenye kioo kilichopasuka, inayogawa internete kwa wifi. Inakubali kompanyi mbili kwa mara moja, na batri yake inaendelea wakati wa delestaji. Ubaya wake ni joto. Telefone inayogawa internete muchana wote huku ikichomekwa inachosha batri, na batri ikianza kuvimba ni ya kutosha haraka, si ya kukandamiza na elastiki.

Mwenye uwezo zaidi anatafuta rutere yenye nafasi ya karte SIM, iliyouzishwa wazi kutoka kwa mutengenezaji. Hapo kuko mutego mumoja ambao kufuli haihusike nao: masafa. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani kinaweza kukosa masafa ambayo kompanyi za Afrika zinatumia kwa 4G, mufano bandi ya 3 ao ya 20. Kitaonyesha 3G tu, ao hakitashika kitu, na muuzaji ataapa kwamba kiko wazi. Atakuwa anasema kweli. Dawa ni kutembea na karte mbili za kompanyi tofauti hadi ku butiki, kuzijaribu zote mbili mbele ya kulipa, na kuangalia kama maneno "4G" yanatokea kweli. Kisha kuomba kwa kila kompanyi jina la kuingilia la internete yake, lile wanaloita APN. Kifaa cha kompanyi kinakuja nalo ndani, cha wazi kinaweza kukosa, na watu wengi wamerudisha rutere nzima juu ya neno moja ambalo halikuandikwa.

Boksi ambayo kompanyi inaingia ndani yake

Kwa boksi za nyumbani, na zaidi kwa wale wanaopata internete kwa fibra, kufuli si karte tena. Boksi inafungwa kwa neno la siri la mupangaji, lile ambalo mutumiaji hapewi. Anaweza kubadilisha jina la wifi na neno lake, basi. Mulango wa pili unabakia kwa kompanyi, na kompanyi inaingia kutoka mbali, inabadilisha programu, inaangalia kama inatumika, wakati mwenye nyumba analala.

Kompanyi ziko na sababu, na haifai kuzicheka. Kliyan anapopiga telefone na kusema internete haiko, mutumishi anataka kuona boksi anayoijua, si moja ya aina mia mbili za sokoni. Programu yenye tobo inaweza kuzibwa usiku mumoja katika nyumba zote. Halafu kuko hesabu ya feza. Tuchukue mufano tu, si bei ya butiki fulani: kifaa cha dola 40 kinauzishwa dola 25, na zile 15 kompanyi inazitafuta katika forfe za miezi inayofuata. Kufuli njo garanti yake kwamba kliyan hatakimbia mbele ya kumaliza.

Sababu hiyo ya mwisho iko na kikomo chake ndani yake mwenyewe. Mwenye kununua forfe ya kila mwezi kwa miaka miwili amekwisha kulipa zile dola 15, na zaidi. Kufuli ingali pale. Haijui kuhesabu.

Sababu ya usalama nayo inakata pande mbili. Mwisho wa Mwezi wa 11 mwaka wa 2016, katika Ujerumani, boksi karibu 900.000 za wateja wa Deutsche Telekom zilikatika ku internete kwa mara moja, wakati wezi wa mitandao walishambulia ule mulango wa kuingilia kutoka mbali. Boksi zilizoanguka zilikuwa za aina zile zile, kutoka kwa kompanyi moja. Watu wenye vifaa vyao tofauti waliendelea. Ni kweli pia kwamba kompanyi iliweza kutuma programu ya kutengeneza boksi zile haraka, kitu ambacho mutu mwenye rutere ya okazio isiyopata programu mupya tangu miaka mitano hawezi kufanya. Kifaa chako ni chako pamoja na kazi yake.

Kwa mwenye boksi ya namna hiyo, kuko suluhisho la amani ambalo mafundi wazuri wa Likasi wanalijua na ambalo halivunji kitu. Boksi ya kompanyi inabakia pale ilipo, na kazi yake inakuwa moja tu, kuleta internete. Wifi yake inazimwa. Kable moja inatoka katika moja ya matobo yake hadi ku rutere ya mwenye nyumba, na rutere ile njo inagawa wifi, njo iko na neno la siri, njo inaamua nani anaingia na mega ngapi zinaenda kwa nani. Siku kompanyi inabadilishwa, kable inachomolewa ku boksi ya zamani na kuchomekwa ku mupya. Telefone na ordinatere za nyumba hazijui kwamba kuna kitu kilibadilika. Kwa nyumba yenye wapangaji, ao kwa siber, jambo hilo peke yake linaokoa muchana muzima wa kuandika maneno ya siri. Michezo fulani ya internete na kamera za ulinzi zinaweza kusumbuka kwa sababu ya kupitia rutere mbili, lakini wengi hawataona tofauti.

Na kuko faida ya moto. Rutere nyingi za nyumbani zinakula volti 12, sawa na batri ya mutoka. Mwenye pano ya jua na batri anaweza kuziwasha bila kupitia inverta, na kable nzuri yenye fusi, baada ya kusoma maandishi ya chini: kuko zinazotaka volti 9, kuko zinazotaka 5, na batri haiulizi mbele ya kuchoma. Boksi ya kompanyi inaweza kufanyiwa hivyo pia, lakini hapo mutu anachezea kifaa ambacho pengine si chake.

Chake ao si chake

Njo ulizo ambalo linaamua mengine yote, na jibu liko ku fakture. Kama karatasi inasema kifaa kimeuzishwa, ni mali ya mununuzi. Kama inasema kimekodishwa ao kimewekwa kwa muda wa mukataba, kingali cha kompanyi, na kukifungua ni kuchezea kitu cha mutu mwingine. Code du numérique ya tarehe 13 Mwezi wa 3 mwaka wa 2023 inaazibu wenye kuingia bila haki katika sisteme ya mutu. Kati ya mutu anayefungua modeme aliyonunua na mutu anayevunja boksi aliyokodishwa kuko tofauti kubwa, hata kama fundi anatumia programu moja na anaomba bei moja.

Katika inchi zingine ubishi huu ulikwisha kupelekwa mbele ya wakubwa. Marekani ilianza mapema: mwaka wa 1968, mamlaka ya mawasiliano iliamua kwamba kifaa cha Thomas Carter, mutu wa Texas aliyeunganisha redio na telefone, kinaweza kuchomekwa ku laini za AT&T hata kama AT&T haikutaka, bora kisiharibu mutandao. Ujerumani ilitoa sheria inayoanza tarehe 1 Mwezi wa 8 mwaka wa 2016: kliyan anaweka rutere anayotaka, na kompanyi inapaswa kumupatia maneno ya siri na habari zote za kuunganisha, bila yeye kuomba. Canada ilikataza kuuzisha telefone za kufungwa kuanzia tarehe 1 Mwezi wa 12 mwaka wa 2017, na kode ya kufungua zile za zamani ikawa bure. Uingereza ilifuata Mwezi wa 12 mwaka wa 2021. Kompanyi za kule zilikuwa zimesema zitapata hasara na kwamba mitandao itaharibika. Zingali zinauzisha.

Katika Congo, mwenye kuangalia sekta hii ni ARPTC. Sheria nimero 20/017 ya tarehe 25 Mwezi wa 11 mwaka wa 2020 njo inaongoza mawasiliano, na vifaa vya kuunganisha ku mitandao vinapaswa kupita kwa homologation ya ARPTC. Hilo linamugusa mwenye kununua rutere yake: kuuliza muuzaji kama aina hiyo imekubaliwa si kujifanya mukubwa, ni kujikinga. Lakini mamlaka inayoweza kusema kifaa gani kinaingia inaweza pia kusema kinaingia namna gani. Kuomba kila modeme inayouzishwa kwa feza taslimu iandikwe ku boksi yake, kwa herufi kubwa, kama imefungwa ao hapana, na kode itolewe nyuma ya muda unaojulikana, hakuombi mashini wala majengo mapya. Mashirika ya kutetea wanunuzi yako na barua ya kuandika hapo, na barua zile za kukataliwa zilizobakia mikononi mwa wateja zingekuwa ushuhuda muzuri.

Haraka inatoka upande mwingine. Mwezi wa 3 mwaka wa 2024, ARPTC ilionya watu kwamba kutumia Starlink katika Congo hakuruhusiwe. Mwezi wa 5 mwaka wa 2025, Starlink ikapata leseni. Kwa nyumba zilizo chini ya kilima, ambako pilone haionekane, sahani ile inayoangalia juu ni habari nzuri, na haijali pilone ya nani imekosa batri. Rutere yake inaweza kuwekwa pembeni kwa kugusa pahali pamoja katika programu yake, na ya mwenye nyumba ikachukua kazi. Sahani yenyewe ni jambo lingine. Haina nafasi ya karte, haina kode ya tarakimu 8, na inaongea na satelaiti za kompanyi moja tu. Mutu anailipa bei kubwa kuliko modeme zote zilizotajwa hapa, na siku anaacha forfe, hakuna fundi wa Kikula anayeweza kuielekeza kwa mwingine.